Kumbukumbu ya mradi: fremu ya magurudumu chini ya msumeno wa meza

Fremu hii inadaiwa mambo mawili yanayovutana: msumeno usogee unapotakiwa kusogea, na usitikisike hata chembe unapokata. Magurudumu yenye breki yanaweza la kwanza tu. Breki inalizuia gurudumu lisizunguke, lakini shingo yake bado inacheza. Sukuma shiti nzima ya plaiwudi na utaiona mashine ikiyumba milimita kadhaa. Ubao ukipinda wakati huo, ukabanwa kati ya diski na fensi (upau wa pembeni unaouongoza ubao), unaweza kurushwa nyuma kwa anayekata. Ndiyo maana mpango tangu mwanzo ni huu: magurudumu ni ya safari tu, na wakati wa kukata mashine inasimama juu ya miguu 4 ya skrubu, magurudumu yakiwa hewani.

Vipimo

Boma la mashine, yaani kabati lake la chini, lina upana wa mm 520 na kina cha mm 560 pale linapokanyaga sakafu. Meza pamoja na mabawa yake ina upana wa mm 1000. Uzito ni kilo 210. Fremu na magurudumu vinaongeza kama kilo 20, jumla 230.

Watu wengi hugawa uzito kwa 4 ili kuchagua magurudumu. Gawa kwa 3. Sakafu haikosi bonde, na gurudumu moja likiwa juu ya bonde, yale 3 yanabeba kila kitu. Kwa hesabu hiyo kila gurudumu linabeba kilo 77, na pakiwa na mpasuko wa sakafu linapata mshtuko juu yake. Nimechukua yenye uwezo wa kilo 120, kipenyo mm 100, ya poliyurethani. Mpira laini hubonyea mashine ikikaa palepale siku nyingi, na plastiki ngumu huteleza na kukwama kwenye kila chembe ya mbao. Mawili ni ya kukazwa, kushoto. Mawili ya kulia yanageuka shingo.

Magurudumu haya pamoja na shingo zake yana kimo cha mm 128. Ukiyafunga chini ya fremu, meza inapanda kiasi hicho chote na kazi inakuwa kifuani. Kwa hiyo yamekaa pembeni, na fremu inaning'inia kati yake mm 15 tu kutoka sakafuni. Ongeza unene wa chuma mm 5: meza imepanda mm 20.

Yakae pembeni ipi? Kushoto na kulia, chini ya mabawa. Yakitokeza mbele, yanakuwa pale unaposimama, na hapo ndipo mahali pabaya kuliko pote pa kujikwaa. Kabla ya kukata chuma, fungua mlango wa mota na uangalie kama gurudumu litauzuia.

Kukata na kuchomelea

Trei, sehemu ya fremu ambamo boma linakaa, ni chuma cha L cha 50×50×5, nafasi ya ndani mm 524 kwa 564, yaani mm 2 za kupumua kila upande. Mbele na nyuma ya trei nimechomelea mabomba ya mraba ya 40×40×3, kila moja mm 614, yakitokeza mm 40 kila ncha. Juu ya kila ncha kuna nguzo fupi ya bomba hilohilo, mm 73, na juu ya nguzo sahani ya mm 8 inayotoka nje, ambayo gurudumu linafungwa chini yake kwa bolti 4 za M10. Hesabu yake: 15 + 40 + 73 = 128.

Kutoka nguzo hadi katikati ya shingo ya gurudumu acha mm 100. Gurudumu la mm 100 likigeuka linahitaji takribani mm 90, kwa sababu ekseli yake haiko chini ya shingo moja kwa moja. Nafasi ikiwa ndogo, gurudumu hugonga nguzo na mashine hukataa kugeuka. Juu ya kila sahani nimesimamisha chuma bapa cha 30×6, kuanzia juu ya nguzo hadi ukingo wa nje, ili sahani isikunjike.

Rodi za mm 2.5 zinatosha, ampea 70 hadi 90. Shikiza pembe zote 4 kwa nukta kwanza, kisha pima ulalo: kwa trei hii ni mm 770, na tofauti ya ulalo mmoja na mwingine isizidi mm 1. Halafu chomelea kwa kuruka, pembe moja kisha ile inayoikabili, kila moja ipoe. Ukimaliza upande mmoja wote kwa mkupuo, joto linavuta fremu na inajipinda kama kitambaa kilichokamuliwa.

Miguu ni fimbo za uzi wa M16, mm 120, zinazopita ndani ya bomba kwenye tundu la mm 17, na nati imechomelewa juu. Nati iwe chuma kitupu. Zinki ikichomwa hutoa moshi wa sumu, na weldi yake hujaa vitundu. Wakati wa kuchomelea acha bolti chakavu ndani ya nati ili cheche zisiharibu uzi. Juu ya fimbo nati 2 zinakazana zenyewe kwa zenyewe, hapo spana namba 24 inashika.

Kosa lililojitokeza

Fremu tupu ilipowekwa sakafuni na magurudumu yake, la mbele kulia lilibaki hewani mm 4. Weldi ya kile chuma bapa cha juu ilipopoa, ilikaza na kuinua ncha ya sahani. Dawa ni washa (pete bapa za chuma) 2 za mm 2 kwenye kila bolti kati ya sahani na gurudumu. Sikuipiga nyundo, sahani iliyonyooshwa kwa nyundo huachia nyufa kwenye weldi. Jaribio hili lifanyike fremu ikiwa tupu, maana uzito wa mashine huficha kosa kwa kuikunja fremu.

Kupandisha mashine

Chomoa waya wa umeme. Toa diski, shusha ekseli yake mpaka mwisho, toa fensi na reli zake. Usinyanyue kwa mabawa wala kwa reli. Bolti zake ni za kushikilia mabawa tu, na mabawa yakishahama mm 0.5 meza haiko sawa tena. Mikanda 2 imepita chini ya boma, winchi ya kunyanyulia injini ikainua mm 60, fremu isiyo na magurudumu ikasukumwa chini, mashine ikashushwa ndani ya trei. Ili kutoa mkanda, inua ukingo kwa mtaimbo mm 10, uvute. Baadaye jeki chini ya bomba, upande mmoja kwa wakati, mbao za mm 20 chini yake kama tahadhari, na magurudumu yakafungwa.

Kuisimamisha

Kila mguu unakanyaga kisahani cha 60×60×6 chenye mpira wa mm 3 chini na kishimo cha drili juu, fimbo ikae humo isiteleze. Kisahani kina mm 9 jumla, kwa hiyo pengo la 15 linabaki 6. Uzi wa M16 unasogea mm 2 kwa mzunguko. Mizunguko 3 unagusa, mmoja na nusu zaidi magurudumu yako hewani mm 3.

Shusha miguu 3 kwanza, weka pima maji mezani kwa urefu na kwa upana, kisha wa nne uuzungushe mpaka ugusie tu. Ukiukaza zaidi unalipindisha boma, na diski inaacha kwenda sambamba na mfereji wa meza. Kagua hilo kila baada ya kuhama: chagua jino moja, pima umbali wake hadi mfereji likiwa mbele, zungusha diski kwa mkono, pima jino lilelile likiwa nyuma. Tofauti isizidi mm 0.1, unene wa karatasi moja ya kawaida ya kuchapia.

Meza ya kupokelea mbao nyuma lazima nayo ipandishwe. Msumeno ukiwa juu ya miguu umepanda mm 23, hiyo nimeiinua 21, ibaki chini mm 2 ili ubao usigonge ukingo wake.

Bado rangi ya kuzuia kutu, na ndoano ya kutundika bomba la vumbi na waya wa umeme ili visiburuzwe chini ya magurudumu mashine ikisogezwa.