Nilivyofagia vioo na kuuacha ukuta

Asubuhi moja ya mwezi wa Julai, kabla sijamaliza chai, mpangaji wangu wa upande wa mbele alinipigia simu na kuniambia kwa sauti ya mtu anayeleta habari za msiba: "Shikamoo mama. Njoo uangalie, nadhani tumewekewa X." Kwa yeyote aliyejenga nyumba katika mji wa Kitanzania, maneno hayo yanatosha kumwinua kitandani hata akiwa na homa, kwa sababu alama hiyo nyekundu ukutani kwa kawaida humaanisha kwamba nyumba imeonekana kuingia katika hifadhi ya barabara au ya mradi mwingine na kwamba siku moja tingatinga litakuja. Nilipanda bodaboda kwenda Nkuhungu, hapa Dodoma, nikiwa nimebeba mfuko wenye hati, kibali cha ujenzi na stakabadhi zote za kodi ya ardhi, na njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia ofisa ambaye sikumjua.

Haikuwa X. Lilikuwa jina la utani la mtu, limeandikwa kwa rangi nyekundu ya kopo la kupuliza, herufi zimevimba kama maandazi, na mkia wa herufi ya mwisho ulikuwa umekatiza mstari mwingine hivi kwamba mtu aliyetazama katika mwanga hafifu wa alfajiri angeweza kabisa kudhani ni alama ya kubomolewa. Nilicheka kwa furaha, nikampa mpangaji wangu pole ya mshtuko, nikarudi nyumbani na mfuko wangu wa hati. Sikununua hata brashi, na katika yote yaliyofuata hilo ndilo kosa ambalo bado linaniuma.

Nyumba yenyewe niliijenga kwa kiinua mgongo changu cha ualimu, pamoja na akiba kidogo, baada ya Rais John Magufuli kutangaza mwezi Julai 2016 kwamba Serikali inahamia Dodoma na kila mwenye kiwanja akaanza kufyatua tofali. Ina sehemu tatu za kupangisha na fremu mbili za biashara, na ukuta wake mrefu unatazama njia wanayopita wanafunzi na waendesha bodaboda. Kwa mstaafu, nyumba ya namna hiyo ndiyo shamba na ndiyo ng'ombe, kwa hiyo linaloipata nyumba linaipata sufuria ya jikoni moja kwa moja.

Ukuta ulioandikwa mara moja hugeuka daftari la mtaa. Ndani ya wiki tatu jina la kwanza lilikuwa limejibiwa na majina mengine manne; shabiki wa Yanga aliandika yake na shabiki wa Simba akamjibu kwa herufi kubwa zaidi; mganga mmoja akaweka namba yake ya simu pamoja na orodha ya matatizo anayoyamaliza; kisha mtu nisiyemjua akachovya brashi katika oili chafu ya gari na kuandika neno ambalo siwezi kulirudia hapa. Wapangaji waliniuliza mara mbili, na mara zote mbili niliwaambia wavumilie, nikiwaza kwamba nikipaka wataandika tena, kwa hiyo heri nisubiri wachoke. Hesabu hiyo ilionekana ya busara wakati ule. Lakini watoto wanaandika palipokwisha kuandikwa, na mtu mzima mwenye nia mbaya anapousoma ukuta wa aina hiyo hasomi majina. Anasoma kwamba mwenye mali hayupo, au yupo lakini hatazami.

Mwishoni mwa Agosti mmoja wa wapangaji alihama, nami nikatundika getini kibao kilichosema kwamba nyumba inapangishwa, na namba yangu chini yake. Wasomaji wa Dodoma wanaujua upepo wa miezi hiyo, unaovuma usiku kucha, ukigongesha mabati na kupeperusha vumbi jekundu hadi ndani ya kabati, kiasi kwamba mtu akisikia chuma kikilia nje anajigeuza upande wa pili na kulala. Katika usiku mmoja wa upepo huo watu waliweka jeki ya gari katikati ya nondo za dirisha la jikoni la sehemu iliyokuwa tupu, wakazitanua taratibu, wakavunja kioo na kuingia. Waliondoka na koki zote, sinki la jikoni, mota ya kupandisha maji kwenye tangi, vitasa viwili vya milango na nyaya za umeme walizozivuta kutoka ukutani kama mtu anayevuta utumbo wa kuku. Thamani ya nyaya walizouza, nina hakika, haikufika hata sehemu ya kumi ya gharama ya kuchimbua ukuta, kupitisha nyaya mpya na kupiga plasta upya.

Mpangaji wa jirani, kijana mwungwana, alisema walipuliziwa dawa ya usingizi. Kila nyumba inayoibiwa nchini hapa imepuliziwa dawa, na sikutaka kumbishia mtu aliyekuwa anatetemeka, ila nadhani upepo ulitosha kuwa dawa.

Nilipofika nilifanya ambalo mama yeyote wa nyumba angefanya: nilishika ufagio. Nilifagia vioo, nikafuta nyayo za udongo kwenye vigae, nikalirudisha dirisha mahali pake, nikaiokota jeki waliyoisahau chini ya mwembe na kuisogeza pembeni, na nilipomaliza ndipo nilipokwenda kituoni. Askari mpelelezi aliyekuja alizunguka sehemu ile akiwa na subira kubwa, kisha akaniuliza kwa upole, "Mama, nani amesafisha?" Alama za vidole hukaa vizuri kwenye vitu laini kama kioo, chuma kilichopakwa rangi na vigae, yaani kwenye vitu vile vile nilivyokuwa nimevipitishia kitambaa chenye sabuni, na jeki ilikuwa imeshikwa na mimi, na mpangaji, na mtoto wa mpangaji aliyetaka kujua inafanya kazi gani.

Ndivyo nilivyogundua kwamba nilikuwa nimeshughulikia mambo mawili kinyumenyume: ukuta uliohitaji kusafishwa siku ile ile niliuacha wiki saba, na chumba kilichohitaji kuachwa kilivyo kwa saa chache nilikisafisha kabla jua halijawa kali.

Kwa anayepatwa na haya leo, mpangilio ninaoufuata sasa ni huu. Nikikuta mlango au dirisha limevunjwa siingii, kwa sababu aliyevunja anaweza kuwa bado yumo. Napiga namba 112 au kituo cha karibu, namwita mjumbe na mwenyekiti wa mtaa wawe mashahidi, na napiga picha nikiwa nje. Baada ya polisi kumaliza ndipo ninapoorodhesha kilichoibwa, kisha nahakikisha nimepewa namba ya RB, yaani namba ya taarifa yangu katika kitabu cha polisi, kwani bila hiyo hakuna kampuni ya bima itakayokusikiliza. Katika maelezo ni muhimu kutaja saa kwa uangalifu, maana Kanuni ya Adhabu, ambayo ni Sura ya 16 ya sheria zetu, inatenganisha kuvunja nyumba mchana, ambako kifungo chake kinaweza kufika miaka 14, na kuvunja nyumba usiku, ambako kinaweza kufika miaka 20. Kuharibu mali ya mtu kwa makusudi ni kosa la peke yake lenye kifungo kinachoweza kufika miaka 7, na hilo linauhusu hata ukuta ulioandikwa, ingawa nitaeleza kwa nini sikutaka kulitumia.

Kuhusu bima niseme kwa kifupi. Bima ya wizi kwa kawaida hutaka ionekane kwamba aliyeingia alivunja, kwa hiyo aliyeibiwa simu na suruali kwa mti wenye ndoano uliopitishwa dirishani anaweza kujikuta hana dai, na nyumba iliyokaa tupu kwa muda mrefu mara nyingi huwa na masharti yake. Mkataba wangu nilikuwa nimeusaini bila kuvaa miwani.

Wiki iliyofuata nilizunguka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na mahali fulani niliona koki mbili ambazo ningeapa ni zangu. Mwuzaji aliniambia bei. Nilikuwa na hela mkononi, na nilijua kwamba nikizinunua nitalala vizuri zaidi kuliko nikigombana, lakini hazikuwa na alama yoyote ya kuthibitisha ni za nani, na kununua kitu unachoamini kimeibwa, hata kama kimeibwa kwako, ni kumlipa mwizi mshahara. Tangu hapo kila kifaa kipya katika nyumba ile nimekichonga kwa msumari herufi tatu mahali pasipoonekana kirahisi, na namba ya mota nimeiandika kwenye daftari pamoja na picha yake.

Marekebisho ya nyumba sikuyafanya yote kwa mara moja, kwa sababu fedha haikuwepo. Fundi wa kuchomelea alinionyesha kwamba nondo zangu zilikuwa zimesimama wima tu, zikiwa na nafasi kubwa katikati, na kwamba vyuma viwili vya kulala vilivyochomelewa kwenye kila nondo vinaifanya kazi ya jeki kuwa ngumu sana. Pia miguu ya grili ilikuwa imeingia ukutani kina cha kidole kimoja, akaichimbia zaidi kwa saruji. Niliweka taa mbili za sola zinazowaka mtu akipita. Kibao cha getini nilikiondoa, kwa kuwa kilikuwa kinamtangazia kila mpita njia kwamba ndani hakuna mtu, na siku hizi wapangaji nawatafuta kwa dalali na kwa kuulizia watu ninaowafahamu, huku sehemu ikiwa tupu ikibaki na mapazia na taa inayowashwa jioni na jirani. Mtaa nao ulifufua ulinzi shirikishi, ambao ni mdogo wake sungusungu waliyoianzisha Wasukuma na Wanyamwezi miaka ya mwanzo ya 1980. Ninachangia kila mwezi, ingawa katika kikao cha kwanza nilisimama kusema kwamba sitachangia hata senti siku nitakaposikia kijana amepigwa kwa kushukiwa, na wazee wawili hawakupendezwa.

Ukuta ulinifundisha zaidi. Fundi rangi wa kwanza alipaka rangi ya maji moja kwa moja juu ya maandishi, akachukua hela yake, na baada ya siku kumi jina lile la kwanza likarudi likiwa la waridi, kwa sababu rangi nyekundu hupenya juu kupitia rangi ya maji, na oili chafu hufanya vibaya kuliko hiyo. Fundi wa pili, mzee aliyekuwa akipaka majengo ya shule, alikwangua, akapiga msasa, akaosha sehemu yenye oili kwa sabuni ya unga na maji ya moto mara tatu, akaacha ukuta ukauke, akafunga madoa kwa praima ya mafuta, kisha ndipo akapaka rangi. Alikataa kutumia tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, kwenye plasta, akisema inalainisha rangi na kuizamisha ndani zaidi. Na kwa kuwa alikuwa fundi wa shule, alinishauri nifanye ambalo kila darasa la zamani linalo: mita moja na nusu ya chini ipakwe rangi ya mafuta inayoosheka, juu yake rangi ya maji. Kazi hiyo inafaa kufanywa kiangazi, maana rangi ya mafuta juu ya ukuta wenye unyevu huvimba na kubanduka.

Nilipokuwa nasomasoma mambo haya nilikuta kwamba mamlaka ya usafiri ya New York iliwahi kuamua, kuanzia 1984, kuyasafisha mabehewa yake kwa utaratibu na kutoyaacha yazunguke mjini yakiwa na maandishi mapya, na mwezi Mei 1989 ikatangaza kwamba treni zake zote ni safi. Mimi sina treni, nina ukuta wa mita ishirini na mbili, lakini nilielewa maana yake: anayeandika jina lake anataka lionekane, na likikaa saa tatu tu amepoteza rangi yake bure. Kwa hiyo napiga picha ya maandishi kwa ajili ya kumbukumbu, kisha yanafutwa siku hiyo hiyo. Rangi iliyobaki naihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko, na fundi anapaka kutoka kona hadi kona, kwa kuwa jua letu hupausha ukuta haraka na kiraka kipya huonekana kama kidonda.

Mwandishi wa jina la kwanza alikuja kujulikana, kwani jina la utani lina wanaolitumia. Ni mwanafunzi wa kidato cha pili, na mama yake tunasali jumuiya moja. Polisi walikuwa na faili langu la wizi, na kuna jirani aliyenishauri nimtaje mle ndani ili "akome", lakini kuandika ukutani na kuvunja dirisha usiku ni mambo mawili, na sikuwa na sababu yoyote ya kuamini kwamba alifanya la pili. Nilikwenda kwao na mjumbe. Kijana aliniamkia akiwa ametazama miguu yake, nikaitikia marahaba, na Jumamosi mbili alishika msasa pamoja na yule mzee. Mzee aliniambia kijana ana mkono mwepesi wa kazi. Wezi wa koki hawajapatikana hadi leo.

Kwa muda nilifikiria kuandika mwenyewe, kwa herufi nzuri, "Nyumba hii haiuzwi" na "Usikojoe hapa", kama tunavyofanya wenye nyumba wengi, kisha nikaona kwamba nitakuwa nimefungua daftari upya kwa mkono wangu. Juzi Jumapili mtoto aliandika kwa mkaa kwamba fulani anampenda fulani. Mpangaji alinitumia picha saa nne, na saa tano alinitumia nyingine ya ukuta mtupu wenye doa la maji. Ndoo ya rangi imebaki robo, na Julai haiko mbali.