Aliyenyamaza Naye Anatudai

Masomo: 2 Wafalme 4:1-7, Mathayo 18:23-35, Kumbukumbu la Torati 24:6-15

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Yule mjane wa 2 Wafalme 4 alikuwa mke wa mcha Mungu. Mumewe alikuwa mmoja wa wana wa manabii, Elisha alimfahamu, na hakuna mstari unaosema marehemu alikuwa mvivu au mlevi. Hata hivyo alikufa akidaiwa, na mdai akaja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Naanza hapo kwa sababu wapo kati yetu wanaoamini kwamba deni walilo nalo ni ushahidi kuwa Mungu amewaacha. Wengine wameacha hata kuja ibadani, maana mwenyekiti wa kikoba anakaa benchi la mbele na macho yakikutana ni aibu. Kama ni wewe, rudi. Nyumba ya nabii ilidaiwa, na mjane hakukimbia. Alikwenda akasema.

Elisha hakumlaumu, wala hakumwambia deni limefutika. Alimuuliza swali ambalo kila mdaiwa hulikwepa: una kitu gani nyumbani? Mjane akasema hana kitu, ila chupa ya mafuta. Muujiza ulianzia kwenye hesabu hiyo ya kweli. Mwishoni akaagizwa auze mafuta, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Tuangalie pande zote mbili za agizo hilo. Mdai alipata chake, na watoto walibaki nyumbani. Mungu hakumdhulumu aliyekopesha ili amfurahishe mjane, wala hakumwacha mjane alale njaa ili mdai aridhike.

Wengi wetu mafuta hayaongezeki chomboni. Tuna mshahara ule ule, genge lile lile, bodaboda ile ile. Kwetu agizo la Elisha linatimia mwezi kwa mwezi, kwa mpango wa marejesho, na mpango unaanza na daftari. Andika kila anayekudai: deni la msingi ni kiasi gani, riba ni kiasi gani, faini ni kiasi gani, mkataba unaisha lini. Andika wote, pamoja na Mangi wa dukani na shangazi aliyekupa ada ya mtoto na hajawahi kuulizia. Kama umeoa au umeolewa, mwenzako aione hiyo karatasi. Nyumba nyingi zinavunjika mpango ukiwa katikati kwa sababu mkopo mmoja ulifichwa chini ya godoro.

Kisha andika kinachoingia. Toa chakula, kodi, nauli, dawa, ada. Toa na mshahara wa dada wa kazi. Kumbukumbu la Torati 24:15 inaagiza kibarua apewe ujira wake siku ile ile kabla jua halijachwa, kwa kuwa ni maskini na moyo wake umeutegemea. Huyo hapangwi foleni na wadai, na ni dhambi kumkopa kimyakimya kila mwisho wa mwezi halafu tukajisifu kwamba mkopo wa benki tunaulipa vizuri. Kinachobaki baada ya hapo ndicho cha wadai.

Tuseme kinabaki shilingi 120,000 kwa mwezi, na deni lote ni 2,400,000: SACCOS inadai 1,200,000, kikoba 600,000, kampuni ya mikopo 400,000, na shangazi 200,000. Kila mmoja apate kwa uzito wa deni lake. SACCOS ni nusu ya deni, ipewe 60,000. Kikoba ni robo, kipewe 30,000. Kampuni ipewe 20,000 na shangazi 10,000. Riba na faini zikisimama, miezi 20 yote yamekwisha. Riba ikiendelea itachukua muda zaidi, ila njia ni hiyo hiyo.

Hapa ndipo moyo wangu ulipo wiki hii. Nimekaa na familia kadhaa zenye madeni, na karibu kila mara anayelipwa ni anayepiga kelele. Kampuni ya mkopo wa simu inapiga alfajiri, inatuma ujumbe wa vitisho, na mtu kwa hofu anachukua hela ya rejesho la kikoba anaipeleka huko. Mwezi unaofuata anakopa kwingine kuziba la kikoba. Wale wanawake wa kikoba hawatukani. Wanasema tu, "Mungu atakufungulia, dada." Lakini mfuko ule ni akiba yao, hela ya mboga na vitumbua iliyowekwa kidogokidogo, na siku ya kuvunja mzunguko, usipolipa, kuna mama atagawiwa pungufu ya alichoweka. Shangazi naye hatapiga simu. Atakaa na mahitaji yake. Zaburi 37:21 inamwita asiye haki yule anayekopa na asilipe, na haisemi kwamba ukali wa mdai unabadilisha kitu. Tunapomtuliza mwenye kelele kwa haki ya aliyenyamaza, tunamwibia mnyonge na kumzawadia mkali. Mgawanyo wa haki kwenye daftari unamlinda huyo asiyeweza kukutisha.

Sisemi madeni yote yana hatari sawa. Deni lililowekewa nyumba au shamba kuwa dhamana linaweza kuishia kwa dalali na mnada, kwa hiyo huyo umwendee mapema kuliko wote. Vivyo hivyo kifaa kinacholeta hela ya kulipia wote. Kumbukumbu la Torati 24:6 inakataza kutwaa jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa kufanya hivyo ni kutwaa uhai wa mtu. Jiwe la kusagia la leo ni cherehani, pikipiki, friji la genge. Mwambie mdai waziwazi: cherehani ikiondoka, hata hiyo elfu ishirini ya kila mwezi haitakuwepo.

Sasa twende Mathayo 18. Tumezoea kuusoma mfano huu kama fundisho la msamaha, na ndivyo ulivyo. Ila tazameni hesabu zake. Mtumwa wa kwanza alidaiwa talanta elfu kumi. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ni ujira wa kibarua kwa siku, kama Mathayo 20 inavyoonyesha. Hiyo ni kazi ya siku milioni 60. Naye akaanguka akasema, nivumilie, nami nitakulipa yote. Asingeweza. Ni ahadi ya mtu aliyeshikwa na hofu, na tunaijua, maana ndiyo tunayoitoa kwenye simu: "Kesho saa nne naweka yote, bosi." Kesho inafika, simu inazimwa.

Bwana wake akamsamehe deni lote. Kisha akamkuta mjoli wake, yaani mtumwa mwenzake, aliyekuwa akimdai dinari 100, naye akaomba kwa maneno yale yale, avumiliwe, atalipa. Lakini huyu wa pili angeweza kulipa. Angetenga robo ya ujira wake, kwa siku 400 za kazi deni lingeisha. Aliomba marejesho ya awamu, ombi la haki na linalowezekana, na mwenzake akamkaba koo akamtupa gerezani. Bwana wao alimkasirikia sana aliyekataa. Kwa hiyo wewe unayekwenda kuomba ratiba mpya, usiende kama mhalifu. Unaomba jambo ambalo Yesu mwenyewe alionyesha uovu wa kulikataa. Ila hakikisha ombi lako ni la dinari 100, la kiasi unachokiweza. Ukiona kwenye daftari unaweza 20,000, usiahidi 50,000 ili afisa mikopo akutazame vizuri siku hiyo. Bwana wetu alisema ndiyo yetu iwe ndiyo.

Nenda kabla hawajakujia. Mathayo 5:25 inatutaka tupatane na mshitaki wetu upesi, tukiwa naye bado njiani. Nenda na mtu mmoja unayemwamini, mzee wa kanisa au ndugu, awe shahidi. Beba nakala ya hesabu yako, uonyeshe kila mdai karatasi ile ile. Usiwe na hesabu moja ya SACCOS na nyingine ya shangazi. Omba faini zisimame, omba ratiba mpya ya marejesho, na omba iwe kwa maandishi yenye sahihi, si maneno ya korido. Usisaini usichokisoma. Usimwachie mtu kadi yako ya benki na namba ya siri, hata akisema ndiyo desturi ya ofisi yao. Walimu wetu na watumishi wengine wameumia sana kwa jambo hili: mshahara unatolewa wote na mwenye kadi anabaki kuomba nauli ya kwenda kazini.

Akikataa mpango, mpelekee fungu lake tarehe ile ile, na tunza risiti. Mwezi unaofuata tena. Wapo waliolegea baada ya kuona fungu halikosi, wapo ambao hawakulegea. Kukataa kwake hakukupi ruhusa ya kuacha kulipa, wala ya kumpa zaidi kwa kuwanyima wengine. Na tafadhali, usiende kausha damu kuziba pengo. Mithali 22:7 imeshasema akopaye ni mtumwa wake akopeshaye, na hawa wanaozidisha riba kwa wiki wanataka utumwa wenyewe kuliko hela yao.

Torati ilimwekea mdai mpaka. Aliyekopesha hakuruhusiwa kuingia nyumbani kwa mdaiwa kuchukua rehani. Alisimama nje, na mdaiwa akamletea (Kumbukumbu la Torati 24:10-11). Mdaiwa alibaki na mlango wake na heshima yake mbele ya watoto. Leo mlango ni simu. Anayewatumia ujumbe wa aibu watu wote waliomo kwenye simu yako, mkweo, mwajiri, mchungaji, amevuka kizingiti ambacho Mungu alikizuia. Hata serikali imeliona. Tanzania ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, inayomtaka mkopeshaji awe na leseni, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina 69 ya programu na majukwaa ya mikopo yaliyokuwa yakikopesha bila leseni, na kuyazuia. Kwa ndugu zetu wa Kenya, kanuni za mwaka 2022 zinamkataza mkopeshaji wa kidijitali kutumia vitisho, matusi au kuwapigia watu waliomo kwenye simu ya mdaiwa ili kumwaibisha. Kwa hiyo ukitukanwa, usijibu tusi. Hifadhi ujumbe, andika tarehe, peleka malalamiko kwenye taasisi yenyewe, na wasiposikia, Benki Kuu. Kulalamika dhidi ya unyanyasaji si kukana deni. Unaweza kufanya yote mawili kwa dhamiri safi: kupeleka 20,000 yako asubuhi na malalamiko yako mchana.

Na sisi tunaokopesha, maana tupo humu pia, tusome Nehemia 5. Watu walikuwa wameweka rehani mashamba na nyumba wapate nafaka wakati wa njaa, wengine wamekopa walipe kodi ya mfalme, na waliowakopesha walikuwa Wayahudi wenzao. Nehemia alikasirika, akawaita wakubwa mbele ya kusanyiko, akawataka warudishe mashamba na ile sehemu ya mia ya fedha waliyokuwa wakitoza. Wakakubali, na akawaapisha mbele ya makuhani. Mkopeshaji anayesali, dada akikuletea ratiba ya miezi 20, isome kabla hujasema hapana.

Jambo moja ambalo najua litawagusa baadhi. Kuna mafundisho yanayomwambia mdaiwa apeleke hela yake ya mwisho madhabahuni kama mbegu ili deni lifutike. Siwezi kuyaunga mkono. Katika Marko 7 Yesu aliwakemea waliowanyima wazazi wao haki kwa kusema mali hiyo ni Korbani, imetolewa kwa Mungu. Hela ya rejesho la kikoba ni ya wale kina mama. Mtolee Bwana katika kile kilicho chako, hata kikiwa kidogo, na mjane wa senti mbili ametufundisha kwamba Bwana anakiona. Lakini usimtolee Bwana cha jirani yako.

Wiki hii, anayeweza, akae na daftari jioni moja, wale wa nyumbani wakiwepo. Tuwaombee kwa majina wanaotudai, na tuanze na wale wasiotupigia simu. Ambaye hana wa kumsindikiza kwa mdai aje kwa wazee Jumapili baada ya ibada ya kwanza, na mikataba yake na risiti alizo nazo, hata kama ni mbili tu. Yatakayosemwa pale hayatatangazwa. Elisha alimwagiza mjane afunge mlango yeye na wanawe kabla ya kumimina mafuta, nasi mlango tutaufunga.