Minyoo bapa tangini: nyonya kwanza, dawa baadaye

Nimechoka kusikia wafugaji wapya wa matumbawe wakiambiwa, "Weka dawa tu, kesho minyoo wamekwisha." Ushauri huo ndio unaoua samaki. Nami niliambiwa hivyo hivyo, tena na mtu wa dukani, sikuufuata, na leo tangi langu lina samaki wazima, kamba mzima na matumbawe yaliyofunguka vizuri. Naandika kwa ajili ya yule ambaye sasa hivi amekodolea kioo macho, anaona madoa ya rangi ya kutu yakitembea, na hajui aanzie wapi.

Nimekulia Kwale, sasa naishi Leicester, mji wa Uingereza ulio mbali na bahari kila upande. Sebuleni nina tangi la lita 90 hivi: matumbawe laini, yale ya uyoga na mengine ya vishada, samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na kamba mmoja mwekundu anayesafisha samaki. Minyoo waliingia wamejishikiza chini ya tumbawe la kununua. Mwanzoni ni wachache pembezoni mwa kioo, halafu mchanga wote ukageuka rangi.

Kwanza mjue ni nani. Hawa ni wa kahawia iliyoelekea wekundu, urefu milimita 3 hadi 5, bapa kabisa, na mwisho wa mwili umegawanyika ncha tatu. Kwa wataalamu ni jamii ya Convolutriloba, na mmoja wao, Convolutriloba retrogemma, alielezwa rasmi mwaka 1988. Mtoto huchipuka upande wa nyuma wa mzazi, kichwa chake kikielekea nje, kisha hukatika na kwenda zake. Hahitaji dume. Akisalia mmoja tu nyuma ya jiwe, ukoo mzima uko salama. Ndani ya mwili wamefuga mwani, kwa hiyo taa unayowasha kwa ajili ya matumbawe ndiyo inayowalisha wao pia. Matumbawe hawayatafuni, wanayalalia mpaka yakose mwanga, yanajikunja, na mwisho yanaoza. Wale wanaotafuna matumbawe ya matawi ni wengine kabisa, hujificha rangi moja na tumbawe na hutaga mayai ambayo dawa haiyagusi. Ukiwa na hao, haya ninayosema hayatakutosha.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba minyoo hawa wana sumu mwilini. Wakiwa hai haina shida. Wakifa kwa maelfu kwa wakati mmoja ndani ya tangi dogo, sumu yote inamwagika majini, na utaona samaki wanahema juu juu, wengine wanalala ubavu. Watu hulaumu dawa, kumbe ni maiti za minyoo. Tangi likiwa dogo ndivyo hatari inavyozidi, maana hakuna maji ya kuizimua.

Ushauri wa pili niliopewa ulikuwa kununua samaki wa kuwala. Nikauziwa yule mdogo wa mistari sita, ukoo mmoja na pono wetu, na bei yake si ya mchezo. Nilikaa nikimtazama. Alipita juu ya kundi la minyoo mchangani, akasimama, akainamisha kichwa, nikasema sasa kazi imeanza. Akadona kidudu cheupe kilichokuwa kando yao, akaendelea na safari. Siku zote ilikuwa hivyo: vidudu vyema vya kwenye mawe vikaisha, minyoo wakabaki. Halafu akaanza kuwafukuza wenzake kila walipotaka kula. Wapo wa aina yake wanaokula minyoo, sikatai, ila kila samaki ana tabia yake na hakuna anayeweza kukuahidi. Nilimpa rafiki mwenye tangi kubwa. Kuna pia konokono wa bahari asiye na gamba la nje, mweusi mwenye mistari ya buluu, Chelidonura varians, ambaye minyoo hao ndio chakula chake. Akiwamaliza, anakufa njaa, na kabla ya hapo pampu inaweza kumvuta. Sioni raha ya kununua kiumbe ili afe.

Basi nikaamua kuwatoa kwa mkono. Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo ninapojivunia.

Kila mtu anasema "nyonya kwa mpira," lakini ukifuata mnyoo mmoja mmoja, maji yatakwisha kabla yao. Nikawachunguza. Wanapenda mwanga, na hawapendi mkondo. Nikageuza pampu ipulize upande wa kushoto tu, nikafunika juu ya tangi kwa kadibodi nikiacha kona ya kulia mbele, ambako mchanga ni mweupe na maji yametulia. Mchana nikaenda kazini. Niliporudi jioni, kona ile ilikuwa na zulia la kutu, wamelundikana mmoja juu ya mwingine. Nikachukua mpira mwembamba wa pampu ya hewa, nikaufunga kwenye kijiti ili niuelekeze vizuri, nikanyonya zulia lote hadi ndooni. Ukitumia mpira mnene unavuta mchanga na maji mengi bure. Maji ya ndoo nilimwaga. Wapo wanaoyachuja kwa soksi na kuyarudisha, lakini minyoo wakishapasuka, unarudisha nini tena?

Nikarudia hivyo jioni baada ya jioni, kila mara nikiongeza maji mapya ya chumvi. Kati ya zamu na zamu nilipulizia mawe kwa bomba la kunyunyizia mchuzi, wale waliojificha wakatoka. Nilisimama zulia lilipokwisha na kubaki wa kuhesabika. Ndipo nikafungua chupa ya dawa.

Baadhi ya dawa hizi za akwariamu kiini chake ni levamisole. Nilipomtajia baba kwenye simu, alishangaa.

"Mwanangu, hiyo si dawa ya minyoo ya mbuzi?"

"Ndiyo hiyo, baba, ila hii ni ya samaki, na inapimwa kwa tone."

"Basi usije ukatumia ya mbuzi."

Alisema kweli. Nyingi za mifugo zimechanganywa na dawa nyingine, na hujui hizo zitamfanyia nini kamba wako.

Kabla ya kuitia tangini niliweka minyoo kadhaa kwenye glasi ya maji ya tangi pamoja na tone la dawa. Muda si mrefu walianza kujikunja, wakaachia kioo, wakaelea wakizunguka. Hapo nikajua inafanya kazi na itachukua muda gani. Nikapiga hesabu ya maji halisi, si ya tangi tupu, maana mawe na mchanga vinakula nafasi kubwa. Nikatoa mkaa wa kuchujia usije ukanyonya dawa, nikazidisha hewa. Maji mapya nilikuwa nimeyatayarisha tangu jana yake, gramu 35 za chumvi kwa lita, joto nyuzi 25, ya kutosha kubadilisha nusu ya tangi. Usifungue chupa kama maji hayo hayapo.

Walipoanza kuelea niliwakamata kwa mpira ule ule kabla hawajaoza. Samaki mmoja alihema haraka kidogo. Papo hapo nikabadilisha maji, nikatia mkaa mpya, na usiku uleule akala. Baada ya wiki hivi nikarudia yote, kwa kuwa mzunguko wa kwanza haumalizi.

Siku hizi tumbawe jipya halioni tangi langu kabla ya kuoga. Naliweka kwenye beseni jeupe lenye maji ya tangi na dawa kidogo, nalitikisa, nalipulizia kila upenyo na kutazama kinachoanguka, nalisuuza kwenye beseni la pili, halafu linakaa wiki kadhaa kwenye kitangi kidogo kisicho na kitu. Rafiki yangu wa tangi kubwa alidhani nazidisha, mpaka alipoona walivyoanguka kutoka kwenye kipande alichonunua yeye. Jumamosi hii anakuja kuazima beseni.