Bastola Iliyo Nje ya Shati

Weka bastola tupu kwenye ala yake, funga ala kwenye mkanda unaouvaa kila siku, kisha mwombe mtu unayemwamini asimame nyuma yako aivute. Kabla ya hapo toa magazini, yaani kasha la risasi, fungua chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, iangalie kwa macho na uiguse kwa kidole, na risasi zote zibaki chumba kingine. Avute kwa nguvu zake zote kwa sekunde 5: juu, nyuma, na kwa kuizungusha. Ikitoka, au mkanda ukipinduka, au ala nzima ikibaki mkononi mwake pamoja na skrubu zake, basi kutembea nayo nje ya shati ni kumtunzia silaha mtu mwingine.

Naanza na jaribio hili kwa sababu msimamo wangu wote umekaa hapo. Mjadala wa Marekani kuhusu kubeba bastola waziwazi huanzia karibu kila mara kwenye haki: Marekebisho ya Pili ya Katiba ya 1791 kuhusu haki ya kuwa na silaha, kisha hukumu mbili za Mahakama ya Juu, ya Heller ya 2008 iliyosema ni haki ya mtu binafsi, na ya Bruen ya 2022 iliyosema haki hiyo haiishii mlangoni mwa nyumba. Sina ugomvi na haki. Naamini mtu mzima mwenye akili timamu, asiye na rekodi ya jinai, anaweza kukabidhiwa silaha. Ila haki haikwambii bastola ikae wapi mwilini. Mimi nikiulizwa leo nasema: porini na shambani ikae nje, mjini iingie ndani ya nguo. Na yule atakayeiacha nje mjini ajue ameongeza kazi, hajapunguza.

Wanaopenda kuibeba wazi wana hoja za kweli, na si haki kuzipuuza. Bastola iliyo wazi hutoka haraka. Mtu mwenye mazoezi huitoa na kupiga risasi ya kwanza kwa takriban sekunde moja na nusu. Shati likiifunika, ongeza robo hadi nusu sekunde, na ongeza pia hatari ya kushika kitambaa badala ya mshiko. Dennis Tueller, askari wa Salt Lake City, alionyesha mwaka 1983 kwamba mtu wa kawaida hukimbia futi 21, yaani mita 6.4 hivi, kwa sekunde moja na nusu. Kwa hiyo nusu sekunde ni umbali wa meza mbili tatu. Tena bastola iliyo nje inaweza kuwa kubwa, yenye mshiko unaojaa kiganja na mtutu mrefu, nayo ni rahisi kulenga shabaha kuliko kile kibastola kidogo cha mfukoni kinachoruka mkononi. Anayefanya kazi kwenye trekta, au anayetembea msitu wenye dubu, hana sababu ya kuficha kitu.

Hoja nisiyoikubali ni ile ya kwamba mhalifu akiiona atakimbia. Yupo atakayekimbia. Lakini aliyekwisha kata shauri, aliyekaa kona akatazama nani anaingia na nani anatoka, umempa taarifa tatu bure: kwamba unayo, iko upande gani, na aanze na nani. Anaweza kusubiri ugeuke. Wewe huwezi kumwona kila mtu kwa saa 10 mfululizo, na yeye anahitaji sekunde 2 tu.

Basi kama utaibeba wazi, tuzungumze vifaa.

Ala iwe ngumu, ya plastiki iliyofinyangwa kwa moto kulingana na bastola yako hasa, au ya ngozi nene iliyoimarishwa mdomoni. Ifunike triga yote. Ile ya kitambaa laini inayodaiwa kutosha bastola za kila aina haifai hata kidogo, kwa kuwa mdomo wake hulala bastola ikitoka, na mtu huanza kuupanua kwa mtutu, mara nyingi akiuelekeza kwenye kiganja chake mwenyewe. Ngozi iliyochakaa nayo ina ugonjwa wake: mdomo hulegea, hujikunja kwa ndani, ukaingia kwenye kikingio cha triga wakati bastola inarudishwa. Bastola nyingi za siku hizi hufyatuka kwa mvuto wa kilo 2.5 hivi. Mkunjo wa ngozi unaosukumwa na uzito wa mkono unaufikisha mvuto huo bila shida.

Kufuli la kuishika bastola ndani ya ala ni lazima. Watengenezaji huhesabu ngazi, na kipimo kinachotajwa sana kilianzishwa na Bill Rogers, mbunifu wa ala za polisi: ngazi ya kwanza hustahimili kuvutwa sekunde 5, ya pili bado hushika hata baada ya kufuli la kwanza kufunguliwa, na kuendelea. Wengine siku hizi huandika namba kwa kuhesabu vifungo tu, kwa hiyo usinunue namba, rudia lile jaribio la mwanzo. Kwa mjini mimi nasema ngazi ya pili ndiyo ya chini kabisa. Kufuli la kufunguliwa kwa dole gumba ndilo zuri, kwa sababu dole gumba hufika hapo lenyewe mkono ukishika bastola sawasawa. Lile la kubonyezwa kwa kidole cha shahada nalikataa: mtu akiwa na hofu hubonyeza kwa nguvu, bastola inapanda, na kidole kile kile kinaendelea kubonyeza mpaka kinaangukia kwenye triga mtutu ukiwa bado umeelekea paja. Vipo viwanja vya shabaha vinavyoipiga marufuku ala ya namna hiyo, nao wanajua wanachokifanya.

Mkanda watu huudharau. Bastola ya milimita 9 yenye risasi 15 inakaribia kilo moja, na kilo moja upande mmoja wa kiuno huukunja mkanda wa kawaida kama jani la mgomba. Chukua wa ngozi mbili zilizoshonwa pamoja, au wa nailoni yenye kiini kigumu, upana milimita 38, na vitanzi vya ala viwe vya upana huo huo. Vikizidi hata kidogo, ala inacheza. Ikicheza, mshiko unaachana na mbavu. Mshiko ukiachana na mbavu, kiwiko hakiwezi tena kuubana. Bastola ikae upande wa mkono wenye nguvu, nyuma kidogo ya mfupa wa nyonga, juu, ili kiwiko kikishuka tu kiwe kimeifunika. Skrubu za ala hulegea kwa kutembea. Zitie gundi ya skrubu, kisha chora kistari cha rangi kinachovuka kichwa cha skrubu hadi kwenye plastiki. Siku kistari kikikatika utajua kabla hujatoka nyumbani.

Mwili nao una adabu zake. Mkono wenye nguvu usishike kitu: simu, kikombe, mfuko wa sokoni na mtoto viwe vya mkono mwingine. Kwenye foleni, upande wa bastola uwe ukutani. Viti vyenye mikono viepuke, maana mkono wa kiti hushika mshiko unapoinuka. Mtu akiishika bastola yako ikiwa ndani ya ala, usimvute mkono. Pigilia kiganja chako juu ya mkono wake, ukandamize bastola chini ndani ya ala kwa uzito wote, shusha nyonga, kisha zungusha upande ule kwa nguvu huku mkono mwingine ukimpiga usoni. Lifanyie mazoezi na bastola ya mpira mpaka mwili ulifanye wenyewe. Asiyewahi kulifanya zoezi hili hata mara moja aifunike bastola yake kesho asubuhi, namsihi.

Linaloniumiza zaidi ni ghasia zikitokea. Tarehe 7 Julai 2016, Dallas, jimbo la Texas, watu kadhaa walihudhuria maandamano wakiwa na bunduki ndefu mabegani, jambo ambalo sheria ya huko iliruhusu. Mtu mmoja alipoanza kuwapiga polisi risasi, wenye bunduki walikimbia kama wengine wote, na polisi hawakuwa na namna ya kujua nani ni nani. Picha ya mmoja wao ilisambazwa kama ya mshukiwa, ilhali hakuhusika kabisa. Polisi watano walikufa usiku ule. Tarehe 21 Juni 2021, Arvada, Colorado, raia aliyekuwa na bastola iliyofichwa alimpiga muuaji aliyekuwa ametoka kumuua polisi. Raia huyo akaiokota bunduki ya muuaji. Polisi aliyetokea akamwona mtu ana bunduki mkononi, akampiga, akafa. Alikuwa amewaokoa watu. Nikilifikiria hilo nakosa usingizi, na sioni mavazi wala beji ambayo ingemsaidia.

Kwa hiyo, hatari ikikwisha bastola irudi kwenye ala, mikono ionekane. Usiokote silaha ya mtu mwingine; simama kati yake na watu kama inakubidi. Piga 911, namba ya dharura, mwenyewe, ueleze sura yako na nguo zako, useme silaha iko wapi. Polisi akifika, fanya anachosema, polepole, hata kama anakosea. Hakuna haki yoyote utakayoidai ukiwa umelala chini.

Kuonyesha na kutishia ni vitu viwili, na mpaka wake ni mwembamba kuliko wengi wanavyodhani. Bastola iliyotulia kwenye ala haimtishi mtu kisheria katika jimbo linaloruhusu. Kuweka kiganja juu ya mshiko wakati wa ugomvi wa maegesho ya gari kunaweza kukupeleka jela katika jimbo hilo hilo. Mwenye bastola wazi ajifunze kuomba radhi kwanza na kuondoka kwanza, hata akiwa na haki. Akitukanwa, aondoke. Hii ni sehemu ya uzito wa ile kilo moja.

Sheria zenyewe ni viraka. California ilizuia bastola zenye risasi barabarani mwaka 1967, baada ya Black Panthers, kundi la kisiasa la Wamarekani weusi, kuanza kutembea nazo Oakland na kuingia nazo hadi jengo la bunge Sacramento. Aliyetia saini ni gavana Ronald Reagan. Illinois na New York haziruhusu kubeba wazi. Texas, ambayo watu hudhani imeruhusu tangu enzi za wachunga ng'ombe, ilizuia bastola barabarani tangu 1871, ikaruhusu wenye leseni kuibeba wazi tarehe 1 Januari 2016, kisha ikaondoa sharti la leseni tarehe 1 Septemba 2021. Hata hapo lazima iwe ndani ya ala. Mwenye duka Texas akiweka bango la kifungu 30.07 cha sheria ya jinai ya jimbo, bastola iliyo wazi haiingii, la 30.06 ni kwa iliyofichwa. Na bango lenye 51% jekundu huonyesha baa, usiingie nayo kabisa. Ofisi ya posta ni ya serikali kuu, acha.

Kuna mtego mmoja ambao waliofurahia kuondolewa kwa leseni hawauoni. Sheria ya serikali kuu inazuia silaha ndani ya futi 1,000 za eneo la shule, yaani mita 305 hivi, na inamsamehe aliyepewa leseni na jimbo hilo lenye shule. Asiye na leseni, hata kama jimbo lake halimdai, hana msamaha huo akiwa barabarani na bastola yenye risasi. Fungua ramani ya mji wowote uchore duara la mita 305 kuzunguka kila shule. Utaona njia chache sana zilizobaki. Ndiyo maana nawaambia watu wachukue leseni hata pale isipodaiwa. Siku za darasa nazo haziwadhuru.

Na choo. Bastola nyingi husahaulika chooni, kwenye ndoano ya mlango au juu ya tangi la maji, na anayezikuta anaweza kuwa mtoto. Usiitoe kwenye ala. Funga tena mkanda magotini ili ala isipinduke, au iache ilale ndani ya suruali kati ya miguu, mahali ambapo huwezi kuinuka bila kuiona.

Jioni, makosa mengi huja kwenye kutoa risasi. Magazini kwanza, ndipo slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayovutwa nyuma. Anayeanza na slaidi huitoa risasi moja, slaidi inaporudi inachukua nyingine kutoka magazini, naye anatoa magazini akidhani chemba ni tupu. Kisha anavuta triga. Baada ya slaidi, angalia chemba, iguse, angalia tena. Ile risasi iliyotoka chembani usiirudishe kila asubuhi, kwani kila inaposukumwa ndani kichwa chake hugonga na kuzama kidogo kwenye ganda, nafasi ya baruti inapungua na shinikizo linapanda. Isimamishe mezani kando ya mpya. Ikiwa fupi, hata kwa unene wa ukucha, haifai tena.

Mimi naona bora usiitoe kabisa. Vua ala nzima na bastola ndani yake, triga ikiwa imefunikwa, uiweke kwenye sefu, ufunge. Asubuhi uivae vilevile, ukitazama kwanza kile kistari cha rangi kwenye skrubu.