Kisima changu cha mvua Newala: nilivyoachana na maji ya dumu

Nimezaliwa Mikindani, pwani, ambako ukichimba kidogo tu unakuta maji, hata kama yana chumvichumvi. Nilipoolewa Newala nikaambiwa naenda kwenye mvua, na kweli, ikishika huku juu inapiga bati mpaka hamsikilizani. Ajabu ni kwamba kufika Agosti tulikuwa tunanunua dumu la lita 20 kwa shilingi 500. Oktoba lilipanda hadi 800, na kijana wa bodaboda anayelileta unamngoja kama mgeni rasmi.

Mama mkwe ndiye aliyenielewesha. Alinipeleka ukingoni mwa uwanda, upande wa genge tunaloliita Shimo la Mungu, akanionyesha bonde la mto Ruvuma kule chini. "Mkwe wangu, mvua ya hapa haikai. Sisi tulikuwa tunaifuata kule." Enzi za usichana wake walishuka mteremko alfajiri na kuupanda na mtungi kichwani, wakifika nyumbani jua liko utosini.

Uwanda huu wa Makonde, ambao Newala iko juu yake, una udongo wa kichanga. Maji yanazama humo mpaka yakutane na tabaka gumu lisiloyapitisha, kisha yanachomoza chemchemi huko kwenye miteremko, yanaingia Ruvuma na kurudi baharini kusini ya Msimbati, kule pwani ya Mtwara. Jua linayapandisha yakiwa mvuke, upepo wa kaskazi unaleta mawingu, na Desemba yako tena juu ya bati letu. Kumbe maji ya kwetu pwani yamenifuata mpaka ukweni, halafu yananipita chini ya miguu! Nikaamua kuyakamata kabla hayajagusa mchanga.

Visima vya mvua si jambo geni huku, ila kila mtu ana kipimo chake. Fundi alisema nichimbe kikubwa, basi. Shemeji akasema simtanki la lita 1,000 linatosha. Aliyenifungua macho ni mwanangu wa darasa la sita na daftari lake la hesabu: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Tukachukua futikamba. Hatukupima bati lenyewe, maana limelala mshazari. Tulipima eneo la chini ambalo paa linalifunika, mita 8 kwa 10. Kwa hiyo mvua ya milimita 10 inaangusha lita 800, ndoo 40. Sisi tuko sita, tukijibana tunatumia ndoo 5 kwa siku. Toka katikati ya Mei mpaka mvua zishike Desemba ni kama siku 200, yaani lita 20,000. Simtanki la shemeji lingekauka siku ya kumi.

Tukachimba shimo la duara, upana mita 3, kina mita 3, linaloingia lita 21,000 na ushei. Hela za korosho za msimu mmoja zikaishia kwenye saruji na nondo, za msimu wa pili kwenye gata na mabomba. Ilikuwa miaka miwili ya kutokununua hata kitenge.

Na bado kikavuja. Nilikuwa na fito ndefu niliyoichora alama kila sentimita 10, na kwa wiki nzima tuliyosafiri, hakuna aliyechota, maji yalishuka alama moja. Fundi akaapa ni jua. Jua gani linaloingia kwenye kisima chenye mfuniko wa zege? Maji yaliposhuka vya kutosha tukakuta ufa, na nyuma ya ufa mzizi wa mkorosho. Alikichimba karibu mno na mti, nami nilimwachia kwa sababu ya kivuli. Tulikata mzizi, tukapanua ufa, tukaziba na kupiga plasta upya.

Kosa la pili lilikuwa langu. Huku wakati wa kiangazi mikorosho inapuliziwa salfa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe. Alfajiri, upepo ukiwa umetulia, mashine zinanguruma na unga wa manjano unatanda kijiji kizima, mapaa yakiwemo. Mimi mvua ya kwanza ya Novemba niliipokea kwa vigelegele, bomba wazi. Kesho yake maji yananuka kiberiti na yana utando wa manjano juu. Tuliyafulia na kumwagilia michicha. Tangu hapo bomba la kuingilia kisimani limeungwa kwa kiwiko kinachogeuka. Mvua za kwanza nakielekeza nje, nakinga bakuli jeupe, na sikirudishi mpaka maji yaonekane safi humo. Hata hivyo ya kunywa tunachemsha, maana kunguru na popo nao wana haja zao juu ya bati.

Kilichonifurahisha zaidi ni kopo la maziwa. Nililitega uwanjani, mbali na miti, na asubuhi moja ya Januari rula ya mtoto ikasoma milimita 24. Mara 80 ni lita 1,920, ambazo kwenye kisima changu zingepandisha maji sentimita 27. Fito ikaonyesha 22. Kama lita 350 zimepotea wapi? Mvua iliyofuata nilijifunika nailoni nikasimama nje, nikaona: kona ya jikoni gata limelegea, maji yanaruka kama maporomoko. Waya wa kufungia na misumari miwili vikamaliza kesi.

Mwaka jana, mwisho wa Novemba, fito ilikuwa bado inalowa shubiri mbili kutoka chini. Usiku mvua ikaanza kugonga bati. Niliamka na tochi, nikageuza kiwiko nje, maji ya rangi ya vumbi yakamwagika uani. Jirani akachungulia dirishani, "Mama, unamwaga maji?"

Kabla sijajibu, mama mkwe akasema toka chumbani kwake, "Mwache aoshe bati."