Sishuki

Sisi Wamoravian, Wakristo wa Kanisa la Moravian, tuna siku yetu, tarehe 13 Agosti. Siku hiyo mwaka 1727, wakimbizi wa imani waliojikusanya Herrnhut, Ujerumani, watu waliokuwa wakigombana wao kwa wao mpaka wakachokana, walishiriki Meza ya Bwana pamoja wakapatana. Wiki mbili baadaye ndugu 24 wa kiume na 24 wa kike waligawana saa za mchana na usiku, ili pasiwe na saa inayopita bila mtu kuomba. Maombi yale yalidumu zaidi ya miaka 100. Miaka mitano tu baada ya kuanza, wamisionari wa kwanza waliondoka Herrnhut kwenda kisiwa cha St. Thomas kuwahubiria watumwa, na mwaka 1891 wamisionari wa kanisa hilohilo wakafika Rungwe, mkoani Mbeya, kwetu. Mimi ni tunda la saa zile. Nalisema hili kwa moyo wote.

Mwaka 2003 ushirika wetu, chini ya mlima Rungwe, uliamua kuiadhimisha siku hiyo kwa mnyororo wa maombi wa saa 24, kuanzia jioni ya tarehe 12. Daftari lilipitishwa baada ya ibada. Saa za mchana zilijaa upesi, za jioni zikafuata. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri nafasi ya chuo, na katika umoja wa vijana nilikuwa miongoni mwa wale wasiokosa shughuli yoyote. Nikaandika jina langu penye saa nane usiku.

Baba alinisindikiza. Agosti kule baridi inaingia hadi kwenye mifupa, na usiku ule ukungu ulishuka mpaka mwanga wa tochi ukawa hauvuki hatua chache mbele ya miguu yetu. Tulipita kati ya migomba bila kuongea. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, na tangu kaka aondoke nyumbani maneno yake yalikuwa yamepungua zaidi. Kaka alimuuza ng'ombe wa baba bila ruhusa, akachukua pesa akaenda Chunya kwenye dhahabu. Mama alilia msimu mzima. Nyumbani jina lake halikutajwa tena, na mimi nililiacha kwa hiari yangu kabisa, kwa sababu nilikuwa na hasira naye kuliko hata baba.

Tulipofika kanisani baba alikaa kwenye ngazi, akajifunika koti. Mimi nikaingia kwenye kile kichumba cha nyuma ambamo wazee huhesabia sadaka. Palikuwa na taa ya chemli, saa ya mezani, mkeka, na bibi mmoja mjane aliyekuwa na zamu ya saa saba. Alivaa sweta la shule la mjukuu wake juu ya vitenge viwili. Kusoma hakujua. Mapajani alikuwa ametandaza kitambaa cheupe, na juu yake maharage: ya njano, mekundu, meupe, mengine yenye madoadoa.

Kila harage lilikuwa mtu. Alilichukua moja, akalishika kati ya kidole gumba na cha shahada, akataja jina, kisha akamweleza Mungu habari za mtu yule kwa Kinyakyusa, taratibu, kama anayemweleza daktari habari za mgonjwa wake. Akimaliza, analiweka upande wa kulia. Analichukua jingine. (Miaka ya nyuma mzee mmoja wa kanisa aliwahi kumuuliza kama ameanza kusali rozari. Alimjibu kwamba hapana, hawa ni watu, na wewe umo humu.)

Mara moja moja alinyamaza katikati ya sentensi, akatikisa kichwa, akasema kwa Kiswahili, "Sishuki." Kisha anarudia jina lilelile tangu mwanzo.

Nililielewa neno lile kwa sababu jioni, wakati wa kufungua mnyororo, mchungaji alisoma Nehemia sura ya sita. Nehemia yuko juu ya ukuta wa Yerusalemu, anajenga. Sanbalati na Geshemu wanamtumia ujumbe ashuke wakutane katika uwanda wa Ono. Wanatuma mara nne, na mara zote nne anawapa jibu lilelile: anafanya kazi kubwa, hawezi kushuka. Ukuta ulikwisha kwa siku 52. Sisi wenye Biblia tulisikia tukaitika amina tukaenda zetu kula. Bibi huyu alilibeba neno hilo mpaka usiku wa manane akalifanyia kazi. Wazo la ndama anayeumwa likija kumtoa kwenye maombi, analijibu: sishuki. Wazo la mvua iliyochelewa, sishuki.

Saa ilipogonga nane nilidhani ataondoka. Alikusanya maharage, akafunga fundo la kitambaa, akalitia kifuani. Kisha akasogea pembeni ya mkeka akanipa nafasi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kuomba nini?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nikamtajia kanisa, wachungaji, taifa, wagonjwa, yatima, amani ya dunia, nafasi yangu ya chuo, na kwamba mwaka ule nataka kumkaribia Mungu zaidi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Hayo mchungaji ameyaomba jioni, na Jumapili tutayaomba tena kwenye litania. Mimi nakuuliza wewe. Umeamka saa nane usiku, umemwamsha baba yako, mmepita kwenye ukungu. Umekuja na nini?"

Sikuwa na jibu la haraka, naye hakunisaidia kulipata.

Niseme jambo hapa, kwa sababu limenikaa rohoni tangu usiku ule na nimelisema mara nyingi mbele ya vijana. Tunapenda sana kumtaka Mungu kwa jumla. Mwaka mpya ukiingia kila mtu anataka kukua kiroho, anataka kuwa mwombaji, anataka kuishi maisha matakatifu. Muulize saa ngapi ya siku, kwa ajili ya nani, dhambi ipi inayoitwa kwa jina lake, utaona anatazama chini. Paulo aliwaandikia Wakorintho, watu ambao jirani na mji wao michezo ya Isthmia ilifanyika kila baada ya miaka miwili, kwamba yeye hupiga mbio si kama asitaye, wala hapigani ngumi kama apigaye hewa. Wale walikuwa wamewaona wanariadha kwa macho yao. Walijua kwamba hakuna anayeingia uwanjani akiwa anataka tu kukimbia kwa ujumla. Anajua mwisho wa mbio uko wapi, na kwa ajili ya mwisho huo anajinyima chakula, usingizi na mengine mengi. Bibi yule hakuwahi kuona uwanja wa riadha, lakini katika ushirika mzima sikumjua mtu aliyempita kwa jambo hili.

Nikasema, "Nina kaka."

"Namjua. Nilimpokea mimi alipozaliwa. Yuko wapi?"

"Chunya."

"Chunya kubwa. Chunya wapi?"

"Sijui, bibi."

"Basi hapo ndipo pa kuanzia. Unataka nini kwake?"

Nilisema nataka arudi. Akanyamaza, akanitazama, nikajua jibu hilo halijatosha. Nikasema nataka amrudishie baba ng'ombe wake. Halikutosha pia. Niliposema mara ya tatu nilikuwa nalia, na nilichosema ni kwamba nataka awe wa Kristo, na mimi niweze kulitaja jina lake bila kuona uchungu. Hapo ndipo aliponyanyuka, akashika ukuta kwa sababu ya magoti. "Haya. Saa nzima ni yake. Ukiitwa chini, unalijua jibu." Akatoka.

Saa moja ni ndefu kwa mtu anayeomba jambo moja. Dakika za kwanza nilikwisha kusema kila nilichokuwa nacho. Ndipo yakaja: nafasi ya chuo, msichana wa kwaya aliyenisema vibaya, baridi ya miguu. Sishuki, nikasema, kwanza kwa aibu kidogo, halafu kwa sauti. Nikamrudia kaka. Nikakumbuka alivyonibeba mgongoni kuvuka mto mvua zilipojaa, na alivyokuwa akinimenyea muwa kwa meno. Mambo hayo nilikuwa nimeyafungia pamoja na jina lake. Nikamweleza Mungu habari zake kama bibi alivyokuwa akieleza, bila maneno ya kanisani, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoshindwa kumchukia. Aliyefuata zamu alipogonga mlango, ule uchungu haukuwa umekwisha wote, lakini nilikuwa nimemwita kaka yangu kwa jina lake, tena na tena, mbele za Mungu.

Njiani kurudi nilimuuliza baba. Nilitaka kuanza palepale bibi aliponionyesha.

"Baba, kaka yuko Chunya sehemu gani?"

Alitembea hatua nyingi. Tochi ilikuwa inakaribia kuzimika.

"Makongolosi," akasema.

Alikuwa anajua. Muda wote ule ambao jina halikutajwa mezani, baba alikuwa akiwauliza madereva wa malori pale Kiwira. Alijua kaka anachimba wapi na analala kwa nani, na kwamba aliwahi kuumwa malaria akapona. Aliyasema yote mfululizo, maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema kwa mkupuo mmoja, na tulipofika nyumbani mama alikuwa ameamka, akasikia la mwisho, akakaa chini pale mlangoni.

Niliandika barua wiki hiyohiyo, ikaenda na dereva kwa ile barabara inayopanda milima kutoka Mbeya, wakati ule ikiwa bado ya vumbi. Haikujibiwa. Nikaandika nyingine. Nilikuwa nimejiwekea kila usiku wa kuamkia Jumatano, saa nane, hata nilipokwenda chuo, hata palipokuwa na mitihani. Ratiba nyingine nilizojipangia ujanani zilikufa zenyewe. Hii ilibaki kwa sababu ilikuwa na mtu ndani yake.

Kaka alikuja Pasaka ya mwaka 2005. Alifika Jumamosi jioni bila taarifa, amekonda, na alfajiri alifuatana na sisi makaburini, maana Wamoravian Pasaka huanzia pale, kabla jua halijachomoza, tukikiri ufufuo juu ya makaburi ya watu wetu. Alisimama karibu na baba. Hawakusema kitu, ila nyimbo zilipoanza baba alimsogezea kitabu, wakaimba wakitazama ukurasa mmoja. Jumatatu alisema atarudi Makongolosi. Kuhusu wokovu hakusema neno, na mchungaji alipomgusia alicheka akabadilisha mazungumzo.

Bibi alinikuta nje ya kanisa baada ya ibada. Nilimkimbilia.

"Bibi, amekuja!"

"Nimemwona. Ndaga fijo, asante sana, kwa Mungu." Akanishika mkono. "Umemaliza?"

Nilimtazama kaka. Alikuwa getini na vijana wenzake wa zamani, anacheka, mikono mfukoni.

"Bado, bibi."

"Basi Jumatano si mbali," akasema, akaenda kumsalimia.