Sahani ya dola 353,400 na daftari la kamati ya harusi Nkuhungu

Jumapili ya tarehe 17 Agosti 2025 nilikuwa Nkuhungu, Dodoma, nikihudhuria kikao cha tatu cha kamati ya harusi ya binamu yangu, na kwa muda wa saa nzima kikao hicho hakikuzungumzia harusi. Jumanne iliyotangulia, Chama Cha Mapinduzi kilikuwa kimefanya hafla ya harambee katika ukumbi wa Mlimani City, Dar es Salaam, kuchangia kampeni za uchaguzi mkuu. Lengo lilikuwa shilingi bilioni 100, na zilizotangazwa kupatikana zilizidi bilioni 86, sehemu ikiwa taslimu na sehemu ahadi. Mweka hazina wetu, mwalimu wa shule ya msingi mwenye sauti ya kuita mahudhurio, alikuwa amefika jina la kumi na mbili pale mzee mmoja alipomkatiza: "Mwalimu, daftari lako lina safu mbili, ahadi na taslimu. Na wale wa mabilioni wanalo la namna hiyo?"

Kicheko kilikuwa kifupi, kwa sababu swali lilikuwa la haki. Mtanzania hahitaji kuelezwa kamati ya harusi, lakini mimi niliyekaa Oakland, California, kwa miaka kumi na minne nimeanza kuitazama kwa macho ya mgeni, na ninachokiona sasa ni kwamba karamu yetu ina bei kama ile ya Mlimani City. Kadi ya singo ilikuwa shilingi 60,000 na dabo 100,000, na asiyechanga hapewi kadi, hata kama alimbeba bwana harusi mgongoni. Shangazi yangu ana daftari lake mwenyewe, la jalada gumu, lenye majina ya wote waliomchangia alipomwoza binti yake wa kwanza mwaka 2009, na hatoi ahadi kwa mtu yeyote kabla ya kulifungua. Aliyekupa elfu hamsini humrudishii thelathini. Mchango kwetu ni deni lenye tarehe isiyojulikana, na kila aliyekuwa amekaa kwenye viti vile vya plastiki alilijua hilo bila kufundishwa.

Ndiyo maana sikushangaa kuona kwamba waliokasirishwa na harambee ya Dar es Salaam hawakukasirishwa na chakula. Kijana mmoja wa bodaboda alisema kwamba mfanyabiashara hatoi mamilioni kwa ajili ya wali na kuku, bali anatoa kwa ajili ya zabuni, na kama si zabuni, basi ni kwa ajili ya kutosumbuliwa. Mama mmoja muuza zabibu alimpinga kwa utulivu: kama chama kinataka fedha, ni afadhali wenye nazo wazitoe hadharani mbele ya kamera kuliko zichotwe usiku kutoka hazina ya serikali, ambako yeye naye ana senti zake. Mwingine akasema Chadema nao walichangishana mwaka huo kwa kampeni yao ya Tone Tone, iliyoanza mwezi Februari, ambayo jina lake peke yake linaeleza ukubwa wa kila mchango. Nilidhani hoja ya mama wa zabibu ingeshinda, na pengine ingeshinda kweli, kama mwenyekiti wa kamati, ambaye ni mstaafu wa mahakama, asingeleta habari ya takrima.

Takrima, kwa wasioikumbuka, iliingizwa katika sheria ya uchaguzi mwaka 2000, ikimruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema kwa jina la ukarimu wa jadi, mpaka Mahakama Kuu ilipotamka mwaka 2006 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba. Ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010, inayovitaka vyama kumpelekea Msajili wa Vyama vya Siasa taarifa za michango vinayopokea. "Zamani mgombea ndiye aliyelisha watu," mwenyekiti alisema, "sasa mgombea ndiye anayelishwa. Mahakama ilitazama sahani iliyokuwa ikienda kwa maskini. Hii inayotoka kwa tajiri nani ataitazama?"

Shangazi, ambaye humkumbuka hayati Magufuli kila anapoona chakula kingi, alitaja mwezi Novemba 2015, wakati Bunge la Kumi na Moja lilipozinduliwa hapa hapa Dodoma na Rais akaagiza kwamba sehemu kubwa ya fedha za tafrija ya wabunge ikanunue vitanda vya hospitali. Vitanda vilikwenda Muhimbili, jambo ambalo yeye, kama mtu wa Dodoma, hajalisamehe hadi leo.

Kisha wakanigeukia mimi. Huko kwenu sahani ni shilingi ngapi?

Niliwapa ile ninayoijua vizuri kwa sababu ilitokea ng'ambo ya daraja kutoka ninapoishi. Tarehe 15 Aprili 2016, mwigizaji George Clooney na mkewe walikuwa wenyeji wa chakula cha jioni mjini San Francisco kwa ajili ya Hillary Clinton, aliyekuwa akiwania urais, na bei ya viti viwili katika meza kuu ilikuwa dola 353,400, ambazo kwa thamani ya wakati ule zilikaribia shilingi milioni 770. Mweka hazina aliandika tarakimu hizo pembeni mwa daftari, akazitazama, kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayesahihisha mtihani: "Hiyo ni dabo?" Nikamjibu kwamba ndiyo, hiyo ni dabo.

Walitaka kujua kama sheria ya Marekani inaruhusu. Nikawaeleza kwamba mgombea mwenyewe, katika uchaguzi ule, hakuruhusiwa kupokea zaidi ya dola 2,700 kutoka kwa mtu mmoja kwa kila hatua ya uchaguzi, na kwamba ujanja ulikuwa katika mfuko wa pamoja: dola 33,400 kwa chama cha taifa, na dola 10,000 kwa kila tawi la chama katika majimbo 32, zikajumlishwa katika hundi moja. Kabla ya mwaka 2014 kulikuwa na kikomo cha jumla ya michango yote ya mtu mmoja, lakini Mahakama ya Juu ya Marekani ikakiondoa. Wajumbe walielewa haraka kuliko Wamarekani wengi niliowahi kuwaeleza. Mama wa zabibu alisema ni sawa na mtu kuchangia sendofu, kichen pati, harusi na kuvunja kamati, kila shughuli ikiwa na bahasha yake, wakati bibi harusi ni yule yule mmoja.

Kesho yake karamu kama hiyo ilifanyika Los Angeles, nyumbani kwa Clooney mwenyewe, kwa dola 33,400 kwa mtu. Wafuasi wa Bernie Sanders, mpinzani wa Clinton ndani ya chama chao, ambaye alijivunia kwamba mchango wa wastani kwake ni dola 27, walijipanga barabarani na kuurushia msafara wa Clinton noti za dola moja moja, na jirani wa Clooney akaandaa sherehe yake kwa kiingilio cha dola 27. Hapo shangazi aliuliza, bila mzaha, kama watu wale walikuwa wakimtunza. Ilinichukua muda kumfafanulia kwamba noti zile zilikuwa tusi, maana kwa Mgogo na kwa Mtanzania yeyote aliyewahi kwenda kwenye taarabu, anayerushiwa noti amependwa. Clooney naye, alipoulizwa katika televisheni, alikiri kwamba fedha hizo zilipita kiasi na kwamba waandamanaji walikuwa na haki. Hakurudisha hata senti.

Wala jambo hili si la upande mmoja. Mwezi Machi 2024, katika hafla ya Joe Biden jijini New York iliyoingiza zaidi ya dola milioni 25, picha moja na marais watatu iliuzwa kwa dola 100,000; wiki iliyofuata Donald Trump alikula chakula cha jioni huko Palm Beach, Florida, ambapo kiti cha daraja la juu kilizidi dola 800,000, na kampeni yake ikatangaza kuvuna dola milioni 50.

Nilichowaficha wanakamati ni kwamba mimi mwenyewe nimewahi kuwa ndani ya chumba kama hicho, si kama mgeni. Kwa miaka kadhaa nilifanya kazi ya kuhudumia karamu siku za mwisho wa juma, na jioni moja tulipelekwa kwenye nyumba iliyo kilimani, ambako mgombea fulani alikuwa anachangiwa. Simu zetu zilikusanywa mlangoni katika mifuko yenye namba. Nilipewa meza mbili, na kazi yangu ilikuwa kupeleka sahani kwa mkono wa kushoto na kuziondoa kwa mkono wa kulia bila kutazama uso wa mtu. Ninachokumbuka ni kwamba hawakula. Samaki alirudi jikoni akiwa amekatwa kipande kimoja tu pembeni, sahani baada ya sahani, kwa sababu kila mara mgombea alipoikaribia meza, wote waliweka uma chini na kusimama, na alipoondoka chakula kilikuwa kimepoa. Alikaa dakika saba katika meza yangu ya kwanza na tano katika ya pili. Nilihesabu kwa saa ya ukutani. Tulipomaliza, sisi wahudumu tulikula samaki wale waliobaki kwenye sinia tukiwa tumesimama, na nilishiba kuliko mtu yeyote aliyelipa.

Juma moja baadaye nilifanya jambo ambalo mwalimu wetu wa Nkuhungu angeliweza kulifanya kwa simu yake. Marekani, mtu akimchangia mgombea wa ngazi ya taifa zaidi ya dola 200, jina lake, kazi yake na mwajiri wake huandikwa katika kumbukumbu zilizo wazi mtandaoni, na mara taarifa za kampeni zilipotoka niliwakuta watu wa meza zangu wakiwa wamepangwa kwa herufi. Hilo ni jambo kubwa, na ningependa tungekuwa nalo kwa urahisi ule ule. Lakini nililisoma daftari lile hadi usiku wa manane na hasira yangu haikupungua. Nilijua nani alitoa na kiasi gani. Nisichoweza kukisoma popote ni zile dakika saba. Na kuna kituko kingine kinachonihusu mimi binafsi: kwa kuwa nina kibali cha ukaazi wa kudumu lakini si raia, sheria ya nchi ile inaniruhusu kumchangia mgombea wa urais na hainiruhusu kumpigia kura. Hilo niliwaambia wanakamati, na mzee aliyeanzisha mazungumzo akasema basi wewe huko ni mfuko tu, huna mdomo.

Mwenyekiti aligonga meza, tukarudi kwenye harusi. Jina la kumi na tatu lilikuwa la mtia nia wa ubunge ambaye mwezi Julai alikuja mwenyewe kwenye kikao, akaahidi shilingi 500,000 na kuomba apewe kipaza sauti kwa dakika chache siku ya sherehe. Katika kura za maoni za mwanzoni mwa Agosti hakufua dafu, na tangu siku hiyo simu yake inaita bila kupokelewa. Wengine walitaka afutwe. Shangazi alikataa, alisema daftari halifutwi, na akaamuru safu ya taslimu iwekwe kistari.

Mwalimu akaweka kistari, akageuza ukurasa na kusoma jina lililofuata, ambalo lilikuwa langu: ahadi, dola 300, iliyotolewa kwa simu kutoka Oakland mwezi Mei. Taslimu, hakuna. Wote wakanitazama.